Homa Hufuata Njia za Watu

Fundi cherehani, mkewe na watoto wao wawili waliishi chumba kimoja. Mchana kitanda kilijaa nguo za wateja. Wiki ile jirani wa tatu alizikwa. Wote watatu waliuawa na homa ya kikohozi.

Asubuhi mke alifunga mizigo.

"Twende kwa mama mlimani," alisema. "Kule hakuna mgonjwa hata mmoja."

Mume alikohoa. "Vumbi la vitambaa tu hili," alisema.

Muuguzi wa zahanati, jirani yao, aliiona mizigo. Alisimama mlangoni, barakoa usoni.

"Shemeji, safari ya wapi?"

"Kwa mama. Ni mbali, homa haijafika."

"Si kwa sababu ya umbali," alisema muuguzi. "Homa ilianzia mpakani, mbali kuliko kwa mama yako. Ilitufikia kwa siku mbili, maana malori huja kutoka huko kila siku. Kijiji cha ng'ambo ya mto tunakiona kwa macho. Daraja limevunjika, hakuna anayevuka, hakuna anayeumwa."

Alichukua chaki ya fundi, akachora miji na mistari ya safari ukutani.

"Wataalamu hufanya hivi kwa kompyuta. Wanahesabu safari za watu, ndipo wanakisia homa itatokea wapi kesho. Kwa mama yako hakuna mstari, maana hakuna mtu wa huku anayekwenda. Mkienda leo, mtauchora ninyi. Siku ya soko la kwao watu wa vijiji vyote wakikutana, mistari itakuwa kumi."

"Lakini sisi hatuumwi."

"Homa hujificha siku kadhaa mwilini. Na mumeo anakohoa."

Mke aliwatazama watoto. "Kwa hiyo tukae tusubiri kufa?"

"Kaeni. Madirisha yawe wazi. Anayekohoa alale peke yake, avae barakoa. Chakula nitawaletea mlangoni. Akishindwa kupumua vizuri, niiteni mara moja."

Mke alifungua mizigo polepole. "Nilidhani naukimbia moto," alisema. "Kumbe kaa ninalo mimi."

Siku ya nne fundi alipelekwa hospitali. Siku ya tisa alifariki. Mtoto mkubwa aliugua, akapona.

Baada ya mwezi mama alipiga simu.

"Pole, mwanangu. Mbona hukumleta mumeo huku, nikusaidie kumuuguza?"

"Mama, huko nani anaumwa?"

"Hakuna. Jana soko lilijaa, hata pa kukanyaga hapakuwepo."

Mjane aliitazama mistari ya chaki ukutani. Machozi yalimtoka.

"Ndiyo sababu sikumleta, mama," alisema.