Niliutoa Wimbo wa Mjomba Kabla ya Siku Yake

Nina miaka hamsini na minne, ni profesa wa nadharia ya muziki. Wanafunzi wananiheshimu... Laiti wangejua nilivyoupata huo uprofesa!

Nimezaliwa Migato, Simiyu. Baba alifariki nikiwa mdogo, akanilea mjomba, kaka yake mama. Alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu baada ya mavuno vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wakikimbilia upande wako, umeshinda. Ndiyo maana wimbo mpya hufichwa hata mke asiusikie.

Mimi wa mjomba niliusikia. Nilikuwa nimeomba kupandishwa cheo, nikamrekodi kwa ajili ya utafiti. Akanishika mkono: "Mpwa wangu, huu usitoke kabla ya ngoma." Nikaapa!

Lakini jarida lilitaka sauti iwekwe mtandaoni pamoja na makala yangu, na muda wa maombi ya cheo ulikuwa unaisha. Nikajidanganya, nani huku kwetu anasoma majarida ya wasomi? Nikautuma...

Siku ya ngoma wapinzani kutoka Maswa walianza na wimbo wa mjomba! Mwanachuo wao mmoja aliukuta mtandaoni, wakageuza maneno, wakamkejeli nao. Umati ukahamia kwao ukicheka. Mjomba akabaki anaimbia nyasi. Na mimi na elimu yangu yote, ningefanya nini?

Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ni mimi. Nikakubali.

Hakuimba tena, wala hakuitikia salamu yangu. "Mwadila, mjomba!" Akageuka, akaingia ndani. Nilipeleka ng'ombe, nikapeleka wazee, nikapiga magoti mwenyewe... akanipita tu! Barua ya uprofesa ilipofika niliificha kabatini kama kitu cha wizi.

Mwaka jana akafariki. Pale msibani wachezaji wake wakaweka ngoma chini. Mke wa mjomba akanifuata, macho yamevimba. "Baba, sogea kule barabarani kidogo. Wanasema hawaimbi ukiwepo."

Nikaenda.

Ndugu zangu, mtu akikukabidhi kitu chake akasema subiri, subiri! Cheo kitakuja mwakani, na kisipokuja hutakufa. Msinifuate njia hii, nawasihi...

Mimi, mtaalamu wa muziki, nilisimama barabarani na wapita njia huku mjomba aliyenilea akiimbiwa. Upepo ulikuwa mkali. Ngoma niliisikia, maneno sikuyapata.