Nilimtia Marehemu Mama Maneno Mdomoni

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Naishi hapa Shinyanga mjini, nachambua pamba kiwandani, na ninalea mtoto ambaye si wa tumbo langu. Jina langu la nyumbani ni Kabula. Kusoma na kuandika nilifundishwa na katekista wa kijijini kwetu, upande wa Isaka. Namwomba radhi huko aliko, maana sidhani alinifundisha herufi ili niandike aibu kama hii...

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi. Wengi wenu mlitendwa. Mimi nilitenda. Tena sikutumia mkono wala sumu. Nilikaa kimya nikawaza, basi.

Mama alifariki nikiwa na miaka kama tisa, mdogo wangu Minza akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mwaka uleule nikapewa kazi ya kuamia ndege. Shambani kwetu palikuwa na dungu, kile kichanja kirefu cha miti, nami nilishinda juu yake na kombeo langu na rundo la madonge ya udongo, nikiwafukuza kweleakwelea wasitumalizie mtama. Mwenye kuamia ndege haruhusiwi kulala, wala kufumba macho. Lakini nani awezaye kumzuia mtoto asiwaze?

Nilianza kumwaza mama. Mwanzoni alikuja nusunusu... sauti bila uso, au mgongo tu umeinama jikoni. Nikajifundisha kumjenga. Nilianza na miguu, na zile nyufa za visigino vyake. Halafu pindo la kaniki. Halafu mkono wa kushoto wenye bangili ya shaba. Uso niliuacha mwisho, kwa sababu nikiuharakisha ulikuwa unayeyuka. Akishasimama kamili namtembeza. Namtoa nyumbani, namleta njiani, namfikisha chini ya dungu, ananiambia nishuke nile. Akifanya nisichotaka, namrudisha aanze upya. Na muda wote huo macho yangu yako wazi, mkono unazungusha kombeo, na ndege hawapati hata punje.

Baada ya misimu kadhaa niligundua jambo jingine. Nikisinzia huku bado namshikilia vilevile, miguu, pindo, bangili... nilimkuta upande wa pili, ndotoni, na nilijua kwamba ninaota! Alama yangu ilikuwa ile bangili. Mchana ilikaa mkono wa kushoto, alikokuwa akiivaa siku zote. Ndotoni ilihamia kulia. Nikiiona kulia nasema moyoni, aa, hii ni ndoto, tena ni ndoto yangu. Basi naiendesha kama mtu anayeswaga ndama, pita huku, si huko.

Laiti ningeishia hapo.

Nyumbani kwetu ndoto haikuwa jambo la mchezo. Baba alikuwa amebatizwa, na Jumapili alikwenda kanisani kama watu wengine. Lakini aliyemwota marehemu alitakiwa kuisema ndoto hiyo asubuhi, kabla hajanawa uso, kabla hajamsalimu mtu. Marehemu akiomba kitu, kinatolewa. Akikataza jambo, linaachwa, na hakuna wa kubisha. Ndivyo alivyolelewa baba, na ndivyo alivyotulea.

Mara ya kwanza nilifanya kwa ajili ya mbuzi. Baba alitaka kumpeleka mnadani mbuzi jike mwenye baka jeupe, niliyemlea kwa mikono yangu. Nikamleta mama ndotoni, nikampa la kusema, akalisema. Asubuhi nikaenda kwa baba na tongotongo machoni, nikamwambia mama hataki yule mbuzi auzwe.

Baba hakuniuliza kitu. Alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso, nikaona mabega yake yanatikisika. Mke wake alikuwa amesema... Mbuzi hakuuzwa. Muda si mrefu akazaa mapacha, na baba akawatangazia majirani kwamba marehemu aliona mbali.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mzito pale nyumbani. Baba aliwaambia wageni, "Huyu Kabula humwona mama yake." Nilijisikia fahari, jamani. Na sikujiona mwongo, kwa sababu ndoto nilikuwa nimeiota kweli. Je, uongo uko wapi hapo? Nilijiuliza hivyo miaka mingi, na kila mara nilijijibu nilivyopenda.

Nikakua, nikaolewa, nikarudishwa. Sikupata mtoto, na watu wa mume wangu wakaja kuchukua ng'ombe wao. Nikakaa tena jikoni kwa baba. Minza alikuwa sasa msichana mkubwa, mwenye kicheko cha kusikika hadi kisimani, na ndiye pekee ambaye hakunitazama kwa huruma. Alinisuka nywele. Aliniachia ukoko wa ugali kwa kuwa alijua naupenda.

Ndipo akaja Masanja. Alikuwa kijana wa kijiji cha jirani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha alikwenda kuchimba dhahabu Geita, na msimu ule alirudi likizo. Baba zetu walikuwa marafiki, kwa hiyo akaja kutusaidia kupura mtama. Siku ya kwanza alikuja na mche wa sabuni, nami ndiye niliyeupokea.

"Dada, hii ya watu wa nyumbani," aliniambia, akacheka, akaenda zake kupura.

Maneno hayo tu! Lakini mimi nilishika ungo wangu, nikaanza kupepeta, na nikaanza kujenga.

Nilijenga nyumba ya Geita ambako sijawahi kufika. Niliweka mlango, nikaweka pazia la maua, nikaweka kikombe chake cha bati chenye ubao wa kukiwekea. Nilijua anavyovua viatu akitoka shimoni. Nilijua tunagombana juu ya nini na tunapatana vipi. Tulikuwa na mtoto wa kiume anayeota meno. Mchana nilimnyonyesha nikipepeta, na usiku nilimkuta tena ndotoni, mzito, wa moto mikononi. Masanja wa kweli alipopita na gunia begani, nilimwona kama mume anayejifanya hanijui mbele za watu. Mnacheka? Hata mimi ningecheka kama aibu ingeniacha nipumue.

Likizo yake ilipokaribia kwisha, wazee wake walikuja kuposa. Nilikuwa nyuma ya mlango na mtungi wa maji ya kuwanawisha. Walimtaka Minza.

Nifanyeje niwaeleze nilivyojisikia? Nilihisi nimenyang'anywa mume na mtoto. Na aliyeninyang'anya ni nani? Ni Minza, asiyejua lolote! Jioni ile alikuja kujilaza kwenye mapaja yangu, akaniuliza, "Dada, utakuja kunitembelea Geita? Nitakupikia samaki mpaka uchoke." Nikamwambia nitakuja. Vidole vyangu vilikuwa kichwani kwake namsuka, na moyoni nilikuwa nimekwisha anza kumjenga mama.

Nilifanya mazoezi mchana kutwa, siku baada ya siku. Miguu, pindo, bangili, uso, kisha neno, "Minza asivuke maji." Mnajua kwamba kutoka kwetu kwenda Geita mtu hupanda gari moshi hadi Mwanza, kisha huvuka ziwa. Kumkataza maji kulikuwa kumkataza Masanja.

Hatimaye ndoto ikaja. Mama alisimama kwenye uwanja wa kupuria, bangili mkono wa kulia. Nikajua niko wapi, nikampa neno. Mama aligeuza uso! Nilimwambia tena, akageuza tena. Wasomaji, hapo ndipo aibu yangu inapolala. Nilimshika marehemu mama yangu mashavu kwa mikono miwili, nikamrudisha anitazame, nikamfungua mdomo. Akalisema.

Asubuhi nilikwenda kwa baba bila kunawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ng'ombe wa Masanja walikuwa wamekwisha letwa, na baba aliwahitaji, maana wangu walikuwa wameondoka. Hata hivyo aliwafungua mwenyewe, akawarudisha kwa rafiki yake. Urafiki wao ulikufa siku hiyo.

Minza alilia, lakini hakubisha. Aliniuliza jambo moja tu. "Mama alikuwa amekasirika, dada?" Nikamwambia, "Ndiyo, alikasirika sana."

Kupura kulipokwisha Masanja alimtumia ujumbe wa siri, na Minza akatoroka. Alipanda gari moshi pale Isaka akiwa na kanga zake mbili. Baba alisema jina lake lisitajwe nyumbani mpaka mama yake aseme vingine. Na kila asubuhi, nilipotoka nje, baba alinikazia macho kabla sijanawa. Alikuwa akingoja. Aliomba kwa macho nimletee neno la kumrudisha mtoto wake.

Neno moja tu! Ningeweza kulitoa hata bila kulala. Na Minza naye, kila mtu aliyetoka Geita alitumwa kwetu na swali lilelile, kama mama amesema kitu. Nilijibu, "Bado." Nilikuwa namwadhibu kwa kuishi katika nyumba yangu ya pazia la maua. Nilijiambia akiteseka kidogo nitamwachilia. Mwezi ujao. Baada ya palizi. Baada ya mvua...

Masanja alifika asubuhi moja wakati wa kiangazi. Alipiga magoti uani, akamsalimu baba, "Mwangaluka, baba," na mgongoni alikuwa amefunga mtoto kwa kanga ya Minza. Mwanamume kubeba mtoto mgongoni! Baba alielewa kabla hajaambiwa.

Alitueleza polepole. Minza alijifungua salama, kisha homa ikampanda. Wanawake wa kambini walimwambia apelekwe hospitali, na kulikuwa na lori la kumfikisha kivukoni. Alikataa. Hospitali waliyotaka kumpeleka ilikuwa ng'ambo, Mwanza. Alisema alivuka maji mara moja bila ruhusa ya mama, na yaliyompata yamempata. Hatavuka mara ya pili mpaka dada atume jibu.

"Alisema, dada yangu humwona mama," Masanja akaniambia. "Alikungoja wewe, dada."

Mtoto walimwita Nyamizi, jina la mama. Minza alimpa jina hilo akitumaini mama atalainika.

Sikulia. Ningelia na nani? Nilimpokea mtoto mgongoni kwa Masanja, mzito, wa moto mikononi, kama yule niliyekuwa nikimwota. Na huyu hakuwa wangu.

Nilikaa na siri hiyo mpaka matanga yalipokwisha na Masanja akarudi kazini, akaniachia mtoto. Kisha nikamwendea baba, nikamweleza yote. Kuanzia dungu, kuanzia miguu na pindo. Nilimwambia yale maneno yalikuwa yangu. Nilimwambia mama hakumkataza Minza kitu chochote, na hata ndotoni aligeuza uso.

Nilitarajia fimbo. Nilitarajia kufukuzwa. Baba alitazama chini, akachora kidogo mavumbini kwa kidole, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Na lile la mbuzi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamjibu, "Na lile la mbuzi, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Miaka yote ile aliishi akiamini kwamba mkewe alirudi kumsemesha, na neno lile la mbuzi ndilo lililomfariji. Asubuhi ile nilimfisha mama mara ya pili mbele ya macho yake. Baba yu hai mpaka leo. Nikienda kumwona hunipokea vizuri, lakini haniulizi ndoto. Siku hizi huamka, hunawa uso kwanza, ndipo hutusalimu.

Sasa nije kwenu, wasomaji wenzangu. Sisemi kuwaza ni dhambi. Mnaokaa juu ya madungu, mnaopepeta, mnaochambua pamba kama mimi, najua mawazo ni mwenza mzuri wa kazi ndefu. Lakini nawasihi, msimweke mtu katika mawazo yenu kisha mkamdai vitu katika maisha yake. Masanja hakuniahidi kitu. Minza hakuniibia kitu. Na marehemu, tafadhali, mwachieni kimya chake. Ukimlazimisha kusema, watu wanaompenda watamtii yeye, nao watakuwa wanakutii wewe.

Mtaniuliza kama nimeacha. Nitasema kweli, maana nimekwisha vuliwa nguo mbele yenu. Kuna siku mikono ikiwa kwenye pamba Minza huja. Naanza na miguu... Ananisamehe. Hunikumbatia, hucheka kile kicheko chake cha kisimani, husema, yamekwisha, dada. Nimemfanya anisamehe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na kila mara nikizinduka najua kwamba nimejisamehe mwenyewe, na msamaha huo hauna thamani hata ya punje ya mtama.

Nyamizi sasa ana miaka minane. Sijui ni nani huko kijijini aliyemwambia habari za ndoto zangu. Wiki iliyopita, kulipokucha, alikuja kukaa karibu nami nikiwasha moto, kabla sijanawa.

"Mama mkubwa, umemwota mama yangu?"

Nikamwambia ndiyo, nimemwota.

Macho yake yalifunguka, macho ya Minza yaleyale. "Amesemaje?"

Ningeweza kumpa neno lolote, na angelibeba maisha yake yote. Neno tamu lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Hakusema kitu, mwanangu," nikamwambia. "Aliyekuwa anasema ni mimi. Nenda kanawe uso."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kwenye mtungi. Nami nikamfuata, nikanawa.