Nelly na Uamuzi wa Mama

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama yake hajaenda kuuza vitumbua sokoni Katoro, Nelly alichota maji bombani na kuosha vyombo. Jumamosi hiyo alifanya yote hayo kwa vishindo. Ndoo aliitua chini mpaka watu wakageuka.

"Ndoo imekukosea nini?" aliuliza Safiya, jirani yake.

"Niache!"

"Haya, nimekuacha. Lakini ukiipasua, utachota kwa viganja." Hata hivyo, ndoo ilipojaa, Safiya alimtwisha taratibu, akaishikilia mpaka ikakaa sawa kichwani.

Hasira ya Nelly ilianza siku chache nyuma. Mama yake, Esta, alimkalisha jikoni akamweleza bila kumficha. Bibi, mama mzazi wa Esta, alikufa kwa saratani ya matiti. Mama mkubwa Klara akafuata, tena angali kijana. Ndiyo maana mama alikwenda kupimwa damu katika hospitali kubwa huko Mwanza, na kipimo kikaonyesha kwamba naye amerithi hatari hiyo.

"Siumwi," mama alisema. "Ila naweza kuugua kwa urahisi kuliko wanawake wengi. Daktari amenipa njia mbili. Naweza kuwa nachunguzwa na kupigwa picha mara kwa mara, ili ugonjwa ukianza uonekane mapema. Au niondolewe matiti yote mawili kabla haujaanza. Hatari haiishi kabisa, lakini inapungua sana."

"Ukatwe, na huumwi?" Nelly aliruka. "Na mdogo wangu Januari atanyonya nini?"

"Sijaamua, mwanangu."

Maneno hayo hayakumwingia Nelly. Alikuwa amesikia kisu tu. Mama alipotoka, alichukua simu na kumpigia baba mkubwa Masalu, kule Samuye. "Baba mkubwa, mama anataka kukatwa matiti! Njoo umkataze!"

Katika ukoo wao, jambo la mke huzungumzwa na upande wa mume, wale waliotoa ng'ombe wa mahari. Basi Jumamosi hiyo mchana, Masalu akafika. Baba yake Nelly, Bujiku, naye alikuwa ameingia punde tu kutoka machimbo ya Nyarugusu, bado na vumbi kwenye nyusi.

"Shikamoo, shemeji," alisema mama, huku akimnyonyesha Januari.

Masalu hakuitikia. Kiti alichopewa hakukikalia.

"Mama Nelly, nasikia unataka kujipunguza viungo! Sisi tulitoa ng'ombe kwa mwanamke mzima, si kwa nusu! Mtu hachinjwi akiwa anatembea. Na haya maradhi ya kwenu, mbona mliyaficha?"

Nelly alimwona mama akivuta khanga na kufunika kifua, kana kwamba kifua hicho ndicho kilichoshtakiwa. Kitu kikamchoma rohoni.

"Ni mimi niliyempigia simu!" alipaza sauti. "Mama hakusema anakatwa. Alisema hajaamua!"

"Kumbe nimepanda basi kwa neno la mtoto?" Masalu alifoka.

"Umepanda kwa mazoea yako ya kutuamulia," alijibu mama kwa ghadhabu. "Mama yangu alipolia kwa maumivu, shemeji, hukuja. Tulipomzika Klara, hukuja. Leo mimi ni mzima, ndipo unakuja kunihesabu kama ng'ombe wa zizi lako!"

Masalu alimgeukia mdogo wake. "Bujiku, mkeo ananisemesha hivi nawe umenyamaza?"

"Sinyamazi, kaka," alisema Bujiku, naye akiwa amekunja uso. "Kwenye duara letu, lile shimo la dhahabu, miti inayoshikilia kuta ikianza kulia, wapo wanaoongeza miti na kukagua kila asubuhi. Wapo wanaofukia na kuhama. Wote wana akili. Mpumbavu ni anayejifanya hasikii. Na mwenye neno la mwisho ni yule anayeshuka ndani, si sisi tulioshika kamba juu."

Masalu akakivuta kiti, akaketi.

"Marahaba, mayu," alisema hatimaye, akimwita 'mama' kwa heshima ya Kisukuma. "Lakini bado sijapenda."

"Hukuombwa kupenda," alisema mama, kisha akamletea maji ya kunywa.

Jioni, Masalu alipokwisha kuondoka, mama alimwita Nelly.

"Sasa nimeamua. Nitaendelea kuchunguzwa wakati Januari ananyonya. Nikishamwachisha, nitafanyiwa upasuaji. Sitaki kuishi nikingoja kilichomchukua Klara. Mwanamke mwingine anaweza kuchagua uchunguzi miaka yake yote, na asiwe amekosea."

"Na mimi, mama? Nimerithi?"

"Huenda ndiyo, huenda hapana. Ukiwa mtu mzima utapimwa ukitaka, na utaamua mwenyewe. Hakuna atakayeitwa kutoka Samuye."

Nelly alianza kulia. "Nisamehe. Nilikasirika kwa sababu naogopa."

"Nilijua. Mimi pia naogopa, na nimekasirika kwamba jambo hili limetukuta. Hasira si dhambi, Nelly. Lakini hasira isiyouliza humjeruhi yule yule unayetaka kumlinda. Uliza, sikiliza mpaka mwisho, halafu mwachie mwenye mwili aamue. Ukimpenda, msaidie kubeba alichochagua. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," alijibu Nelly, akinyoosha mikono kumpokea Januari. "Safari hii, mpaka mwisho."