Titi la Mama Si Mtungi

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja shingo yangu ilikuwa fupi, na mpaka leo bado ni fupi. Ndugu zangu wanasema ni ya ukoo. Mimi nasema ni ya ndoo. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule ya masista, nilishuka mtoni mara mbili na kupanda mara mbili, nikaujaza mtungi mkubwa uliokaa nyuma ya mlango. Kisha nikafagia uwanja, nikawasha moto, nikageuza samaki juu ya uchanja wa moshi. Ndipo nilipoosha miguu na kukimbia shuleni.

Huo ulikuwa mji wa Kisangani, ambao Wazungu wa siku zile waliuandika Stanleyville. Tulikaa karibu na maporomoko kwa sababu baba yangu, Papa Faustin, alikuwa Mwagenia, kabila la wavuvi wa maporomoko yale. Ngurumo ya maji tulikuwa tumeshaizoea. Mgeni akituuliza, "Kelele gani hii?" nasi tulimuuliza, "Kelele gani?"

Lakini mwaka wa 1956 ilikuja kelele mpya, na hiyo tuliisikia wote. Ilikuwa mdogo wangu Zéphirin.

Kwa wiki tano alinyonya na kulala kama mtu mwenye adabu. Wiki ya sita adabu ikaisha. Alianza kunyonya asubuhi, jua likapanda mpaka utosini, yeye bado yupo. Alilala muda wa kumenya ndizi tatu, akaamka, akadai tena. Mama alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, mguu mmoja umekufa ganzi.

"Alphonsine, leta maji. Alphonsine, geuza samaki. Alphonsine, twanga pondu, mimi niko na huyu mutu."

Huyu mtu! Hakuwa na jino hata moja, lakini nyumba nzima ilifanya kazi kwa amri yake.

Alasiri wenzangu walicheza nzango uwanjani, mchezo wetu wa kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu. Mimi nilikuwa fundi wa nzango. Sasa niliwasikiliza tu huku nikitwanga pondu, yale majani ya muhogo.

"Alphonsine!" aliita rafiki yangu Georgette juu ya ua. "Ulishaolewa? Bwana yako ni ule mutoto?"

"Nenda zako, Georgette! Miguu yako imepinda kama ndoana!"

Nilisema hivyo, lakini moyo uliniuma.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Siku moja nilikuwa nje na Zéphirin mgongoni, na Mama alikuwa ndani akimenya mihogo. Mtoto akalia. Nikaingia naye, nikaona kitenge cha Mama kimelowa kifuani, duara mbili, kushoto na kulia.

"Mama, nani amekumwagia maji?"

Mama akacheka. "Hakuna mutu. Mutoto amelia, maziwa imesikia."

Nikasimama na mdomo wazi. Masista walitufundisha mito, wafalme na jedwali la saba, lakini hawakutuambia kwamba maziwa yana masikio. Nilimtazama Mama kama nilivyokuwa nikitazama altare, nikaogopa hata kumkaribia na mikono yangu ya samaki.

Ila usiku ule ule, kabla ya usingizi, nilianza kupiga hesabu zangu. Nyumbani kwetu kila kitu kinachotekwa ni lazima kijazwe, na mjazaji nilikuwa mimi. Mtungi ukitekwa kutwa, jioni kata inakwaruza chini. Na Mama alitekwa kutwa! Mifupa ya mabega yake ilishaanza kuonekana. Nikaona kwamba akipewa nafasi ya kupumzika, atajaa tena kama mtungi.

Nikisema niliwaza hayo kwa ajili ya Mama peke yake, nitakuwa nimesema nusu. Nusu ya pili ilikuwa nzango.

Kesho yake nilipopika wali nilichota yale maji yake meupe, nikatia sukari, nikayaficha katika kopo chini ya uchanja. Mama aliponipa mtoto ili yeye mwenyewe aende kuoga, nilimnywesha mtoto kwa kijiko. Kijiko cha kwanza alikitema. Cha pili alikitema. Cha tatu kilikuwa na sukari zaidi, akanitazama kwa heshima. Akalala kama jiwe. Mama naye akalala. Mimi nikaruka nzango mpaka vumbi likanifikia kiunoni.

"Mikono ya Alphonsine iko na baraka," Mama alimwambia Papa jioni. Nikaila sifa hiyo pamoja na kwanga, mkate wetu wa muhogo, nikashiba vyote viwili.

Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya pili matiti ya Mama yalikuwa magumu, yakamuuma. Siku ya nne yalikuwa mepesi. Zéphirin alilia, na kitenge kikabaki kikavu. Kisha mtoto akaanza kuharisha, maji ya kijani, mara tano, mara sita.

Watoto walipimwa zahanati kila Jumatatu na Alhamisi, na Alhamisi ile tulikwenda. Muuguzi aliitwa Hilaire, na shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka nzi angeteleza. Akamweka Zéphirin katika mizani, akasogeza chuma, akasogeza tena.

"Mama Zéphirin, wiki iliyopita kilo nne na nusu. Leo kilo nne na gramu mia mbili. Umemupa nini?"

"Titi tu."

"Tumbo hii si ya titi tu. Mama, usifiche. Hapa si kwa padri, sitakupa rozari ya kusali. Nataka kujua tu."

"Kwa jina la Mungu, Papa Hilaire, titi tu!"

Benchi zima la akina mama likageuka. Mmoja akafyonya. Mwingine akasema, si kwa sauti ndogo sana, "Kuapa ni rahisi." Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na mfuko wa nepi, na ulimi wangu ulikuwa mkavu kuliko samaki wa uchanjani. Neno moja tu lilihitajika. Sikulisema.

"Bon," alisema Hilaire. "Munyonyeshe, mara nyingi, na asionje kitu ingine. Mumulete Jumatatu. Akipungua tena, tutamulaza hospitali."

Nyumbani Mama alimweka Zéphirin kifuani. Mtoto akavuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Chozi la Mama likaanguka juu ya utosi wake, pale panapodundadunda.

"Maziwa yangu imekwisha," alisema, kama mtu anayeuambia ukuta.

Nikachukua chakula cha Papa, nikatoka mbio mpaka maporomokoni.

Pale maji hayashuki, yanarukiana. Baba zetu walisimika miti mikubwa katikati yake, wakaifunga kwa kamba za mwituni, wakaning'iniza vikapu vya kuvulia vilivyo virefu kuliko mtu, mdomo wazi kuelekea mkondo. Papa alikuwa juu ya miti, miguu mitupu. Aliponiona akashuka mpaka mwambani.

"Papa, ni mimi!"

"Nini?"

"Ni mimi niliyempa mtoto maji ya wali!"

"Maji ya nini?"

"YA WALI! NILIMNYWESHA KWA SIRI! MAMA HAKUSEMA UONGO!"

Hivyo ndivyo nilivyoungama dhambi yangu, kwa sauti ya kuuza samaki. Wavuvi wote walisikia. Kwa adabu wakatazama juu, kana kwamba wanatafuta mvua.

Nikamweleza Papa habari ya mtungi. Nilingoja kofi. Badala yake akanishika mkono, akanionyesha kikapu kimoja kilichopandishwa juu ya miti.

"Ile kikapu inapumzika tangu juzi. Imepata samaki ngapi?"

"Hakuna."

"Na hii iko ndani ya maji?"

Hicho kilikuwa kikitetemeka. Mkia mkubwa ulikuwa ukikipiga kutoka ndani.

"Mutungi unajaza weye," alisema Papa sikioni mwangu. "Titi inajazwa na kinywa ya mutoto. Akivuta sana, inakuja sana. Ukiondoa kinywa, titi inasema, bon, hakuna mutu ananihitaji, inafunga. Sasa angalia huu mto. Ulishaona mutu anaujaza na ndoo?"

Nikatazama. Nilizaliwa kando ya maji yale, na siku ile ndipo niliyaona. Yalikuja, yakaja, yakaja, tangu kabla ya babu wa babu yangu, na hayakuwahi kumtuma Alphonsine. Nikamkumbuka Mama juu ya mkeka, na kile kitenge kilicholowa chenyewe.

"Nenda umwambie mama yako," Papa alisema. "Masikio yangu imejaa maji, sikusikia kitu."

Nilimkuta Mama na jirani yetu Binti Hemedi, mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka Maniema. Alikuwa amelea watoto tisa, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Nikasema yote, safari hii bila kupiga kelele, na ilikuwa ngumu zaidi.

Mama akaniuliza, "Uliona wale wamama walivyoniangalia?"

"Niliona, Mama."

"Na ukafunga kinywa."

Basi. Fimbo nimepigwa nyingi maishani, nyingine kwa haki. Hakuna iliyofika mahali maneno yale yalipofika.

Binti Hemedi akajifunga kanga kiunoni. "Mama Alphonsine, kilio hakijazi titi. Lala ubavu, mwanangu, mgongo wako upumzike. Mvue mtoto nguo, umlaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Akichoka titi hili, mpe lile. Anyonye atakavyo, kutwa. Wewe mtoto, mama yako asione kiu hata mara moja!"

Siku tatu nyumba yetu ilifanya kazi hiyo moja. Binti Hemedi alitwanga pondu. Mimi nilileta maji ya kunywa, uji, mchuzi wa samaki, nikampepea Mama na kumsimulia hadithi zote nilizozijua, na zilipokwisha nikatunga uongo. Papa, sikilizeni hili, Papa mwenyewe aligeuza samaki uchanjani. Majirani walikuja kumtazama kama wanavyomtazama gavana akipita.

Nami nilimtazama Zéphirin. Kidevu chake kilikimbia, kikakimbia, kisha kikasimama, na koo likasema "ngk". Siku ya kwanza alimeza mara moja kwa kuvuta mara ishirini. Siku ya pili, mara moja kwa kuvuta mara tano. Jumapili, baada ya misa, nilisikia ngk, ngk, ngk, bila kupumzika. Kisha kutoka titi la pili, ambalo hakuna aliyeligusa, tone likatokeza, likaning'inia, likaanguka juu ya mkono wangu. Lilikuwa la moto. Sikulifuta. Nilikaa nalo mpaka likakauka.

Jumatatu Hilaire alisogeza chuma cha mizani. "Kilo nne na gramu mia nne. Bravo, Mama! Ulifanya nini?"

Kabla Mama hajajibu nikasimama mbele ya benchi.

"Mama yangu hakuapa uongo. Ni mimi niliyempa mtoto maji ya wali, kwa siri. Siku ile mlipomfyonya nilinyamaza."

Yule mama aliyefyonya akasogea, akapangusa benchi kwa kitenge chake, akasema, "Mama Zéphirin, ikala hapa."

Nyumbani Binti Hemedi alikuwa akitungoja mlangoni. Alimpakata Zéphirin, akampima kwa mikono yake, maana mizani ya serikali hakuiamini sana.

"Alphonsine," alisema, "kosa lako la kwanza lilikuwa la kutojua. Hilo hufundishwa, wala si aibu. La pili lilikuwa la kunyamaza mwenzio akibeba aibu yako. Hilo umelitengeneza leo kwa kinywa chako. Shika na hili: mtoto mchanga chakula chake ni titi, na kunyonyesha kutwa ni kazi kama kazi nyingine. Ukitaka kumsaidia mama, usimwondolee mtoto. Mwondolee kazi."

"Ndiyo, Bibi."

Zéphirin akalia. Nikageuka haraka kumtazama Mama. Duara mbili zilikuwa zikitokeza juu ya kitenge, kushoto na kulia, polepole. Mama akanyoosha mikono kumpokea.

Hakuniita. Nilikuwa nimeshachukua ndoo.

Leo Zéphirin ni mzee kama mimi. Ukiliona tumbo lake hutaamini kwamba aliwahi kupungua hata gramu moja.