Kishikizo cha Mkono Mmoja

Kila asubuhi mama yake Sunniva alikata vipande vinne vya mkate, akavipaka siagi na kuweka jibini la kahawia juu, kisha akatia karatasi nyembamba katikati ili visigandane. Ijumaa hiyo Sunniva alipoingia jikoni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, kikasha chake cha chakula kilikuwa tayari kando ya mlango, juu ya koti la mvua.

“Leo siku ya mwisho,” mama alisema. “Umejiandaa kuwaaga?”

“Mama, hata macho sijafungua vizuri!”

“Basi ukiyafungua ukumbuke. Si kila mtu angekubali kukaa wiki nzima na mtoto wa darasa la tisa. Sema asante, na uiseme kwa sauti, usinong’one kama kawaida yako.”

Sunniva alicheka, akavaa soksi ya pili, akatoka kwenye mvua ya Bergen.

Katika shule yao, wanafunzi wa darasa la tisa hupelekwa kwa wiki moja mahali watu wanapofanya kazi. Rafiki yake Mathea alipata duka la mikate na kila jioni alirudi na mifuko ya vitamutamu. Sunniva alipelekwa kwenye ofisi moja ya chuo kikuu. Alipopewa habari hiyo alinuna. “Ofisi tu? Nikaangalie watu wanavyoandika?”

Lakini ofisi hiyo ilikuwa na kazi ya ajabu. Mtafiti yeyote wa chuo akibuni kitu kipya, ofisi ilimsaidia kukilinda na kumtafutia kiwanda cha kukitengeneza. Kiongozi mmoja wa ofisi, mama mwenye nywele fupi nyeupe aitwaye Torhild, alisimamia mafunzo ya wanagenzi. Kila muhula alichagua wanafunzi wachache wa chuo, akawapa kazi ya kweli.

“Sitaki mtu wa kunipikia kahawa,” alimwambia Sunniva siku ya Jumatatu. “Kahawa napika mwenyewe, tena ni mbaya. Nataka watu wa kunisaidia kufikiri.”

Kisha akampa karatasi ya kutunza siri, kurasa nne, ambayo mama yake Sunniva alikuwa ametia saini pia. “Unachokiona humu ndani kinabaki humu ndani. Sawa?”

“Sawa,” Sunniva alijibu.

Muhula huo wanagenzi walikuwa wawili. Eirik alisomea sheria na hakukaa dakika tano bila mzaha. Parisa alisomea uhandisi wa mashine, na ndiye aliyekabidhiwa Sunniva. “Wewe kaa hapa karibu yangu,” alimwambia. “Usichokielewa uliza. Na mimi nisichokielewa, tutauliza wote wawili.”

Uvumbuzi waliokuwa wakiushughulikia ulikuwa wa Asbjørn, fundi wa maabara ya chuo. Miaka miwili nyuma Asbjørn alipata kiharusi, mkono wake wa kushoto ukapooza. Alipenda sana kuvua samaki katika mashua yake ndogo, lakini hakuweza kujifunga jaketi la kuokolea maisha kwa mkono mmoja.

“Mke wangu ananifunga kama mtoto wa chekechea,” aliwaambia siku ya Jumatano. “Halafu ananipigapiga kifuani, eti, haya, nenda kacheze.”

Wote walicheka, naye alicheka pia. Kisha akatoa mfukoni kishikizo alichokichonga mwenyewe. Alikisukuma kwa kiganja kimoja, kikalia *tak!* na kufunga. “Nataka kuvaa mwenyewe,” alisema polepole. “Basi. Hicho tu.”

Kiwanda kimoja kilikubali kutengeneza vishikizo hivyo kwa wingi, kwa sharti moja: Asbjørn apate kwanza hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na serikali. Bila hataza kiwanda kisingegusa kazi hiyo. Parisa na Sunniva walipitia picha za vishikizo mia mbili na kumi na viwili kutoka nchi mbalimbali, wakaona hakuna kilichofanana na cha Asbjørn. Maombi ya hataza yalipangwa kutumwa Jumatatu.

Ijumaa hiyo, saa tano na nusu, walifungua vikasha vyao vya chakula. Eirik alijibandika vipande vya tango machoni, akaegemea kiti kama mtalii aliyelala ufukweni. “Msiniamshe mpaka kiangazi,” alisema.

“Ukiamka utakuta nimemaliza jibini lako,” Parisa alimjibu.

Sunniva aliwapiga picha. Mwalimu alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi aweke picha moja kwenye ukurasa wa darasa mtandaoni, ukurasa ambao mtu yeyote angeweza kuufungua. Aliiweka, akaandika chini yake: “Watu wangu wa wiki hii. Nawapenda.”

Saa saba na robo simu yake ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mathea.

“Hahaha, huyo wa matango nani? Na huo mchoro nyuma yake, ni mtego wa panya?”

Sunniva aliifungua picha tena. Nyuma ya kichwa cha Eirik ulisimama ubao mweupe wenye magurudumu, na juu yake kishikizo cha Asbjørn kilichorwa chote, ndani na nje, na mishale ya kuonyesha kinavyofunga. Ofisi ilikuwa na desturi ya kuugeuza ubao uelekee ukutani kila mtu alipomaliza kuutumia. Siku hiyo Parisa alisahau.

Aliifuta picha haraka, lakini kabla haijapotea aliona namba chini yake: ilikuwa imetazamwa mara sitini na moja.

Alikwenda msalani akakaa juu ya kifuniko, simu mkononi. Picha haipo tena, alijiambia. Jumatatu maombi yatatumwa, na mimi nitakuwa darasani kwenye hesabu. Nani atajua? Kisha akamfikiria Parisa. Torhild angechagua mwanagenzi mmoja wa kubaki kazini kiangazi chote, na Parisa aliitamani nafasi hiyo hata akaizungumzia akiwa anapiga mswaki wa meno baada ya chakula. Nikisema habari za ubao, nitamponza. Na mtu mwenyewe hajanitendea lolote ila wema.

Halafu akamwona Asbjørn akilini, akisukuma kishikizo kwa kiganja. Nataka kuvaa mwenyewe. Basi. Sunniva alinawa uso.

Saa nane kamili ilikuwa zamu ya vafeli, mikate laini yenye umbo la mioyo inayookwa kati ya vyuma viwili vya moto. Kila Ijumaa ofisi hiyo ilioka vafeli, na Torhild alikuwa ameweka utaratibu wake: anayeshika upawa wa kumiminia rojo ndiye anayeanza kusimulia kosa alilofanya wiki hiyo, kisha wengine wanafuata. Kwa hiyo wanagenzi walikuwa wakisukumiana upawa kila wiki.

“Ushike wewe, Parisa, mimi niliungama Ijumaa iliyopita,” Eirik alisema. “Barua ya profesa wa samaki niliipeleka kwa profesa wa muziki. Mpaka leo ananiangalia vibaya.”

“Na ulistahili.”

“Naoka mimi,” Sunniva alisema.

“We mgeni bwana!” Eirik alisema. “Mgeni haoki, mgeni anakula na kusifia.”

“Naoka mimi,” Sunniva alirudia, akauchukua upawa. Alimimina rojo chumani kwa haraka hata likadondoka mezani. Parisa aliacha kucheka. Torhild akaweka kikombe chake chini.

Sunniva alisema yote: picha, ukurasa wa darasa, ubao, watazamaji sitini na mmoja. Alisema pia kwamba alikuwa ameifuta, na kwamba kwa muda fulani alikusudia kunyamaza.

“Mungu wangu,” Eirik alinong’ona. “Maombi yanatumwa Jumatatu. Kitu kikishaonekana hadharani kabla, hakihesabiwi tena kuwa kipya. Hataza imekwenda!”

“Ubao ulikuwa wangu,” Parisa alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. “Mtoto hana kosa. Mimi ndiye sikuugeuza.”

Torhild hakumtazama hata mmoja wao. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

“Picha uliiweka saa ngapi?”

“Saa tano na nusu.”

“Leo? Si jana? Fikiri vizuri, mwanangu.”

“Leo. Wakati Eirik ana matango machoni.”

Torhild alivuta pumzi ndefu. “Zimeni chuma hicho, vafeli inaungua. Eirik, we ndiye mwanasheria, hebu kumbuka maneno yenyewe. Kabla ya nini?”

Eirik alifumba macho. “Kabla ya... kabla ya siku ya kuomba.” Akayafumbua. “Siku! Si saa!”

“Ndiyo. Picha imetoka leo. Maombi yakiingia leo, yanahesabiwa ya leo, na hakuna kitu kilichotangulia. Yakiingia kesho, kazi yote ya Asbjørn imekwisha.” Ndipo akamgeukia Sunniva. “Asante. Asante sana kwa kusema sasa.”

Sunniva alikuwa amejitayarisha kufukuzwa. Kwa asante hiyo alishindwa kujizuia, akalia, na Parisa akamkumbatia kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwasha kompyuta.

Eirik alikuwa aondoke saa tisa kwenda na baba yake kwenye kibanda chao cha mlimani. Alipiga simu. “Baba, nyinyi tangulieni, nitakuja na basi la asubuhi. Hapana, sijaumwa. Niachieni soseji, tafadhali, usimwachie mjomba zote.” Akakunja mikono ya shati.

Michoro miwili ilikuwa bado haijakamilika, Parisa aliikamilisha. Eirik na Torhild walipitia maelezo sentensi kwa sentensi. Sunniva alipewa kazi ya kusoma kwa sauti namba za sehemu zote, wakati Parisa akizilinganisha na mchoro. “Saba, ulimi. Nane, kamba. Tisa, springi. Tisa, kifuniko... Ngoja, Parisa, tisa ziko mbili!”

“Wapi? Lo! Umeona vizuri. Kifuniko kiwe kumi.”

Saa kumi na moja Asbjørn aliingia, koti likichuruzika maji. Torhild alimpa kiti, kisha akamtazama Sunniva. Sunniva alielewa. Alisimama mbele ya yule fundi akamweleza, neno kwa neno, na kumwomba radhi.

Asbjørn aliuweka mkono wake mzima juu ya ule uliopooza.

“Kwa hiyo,” alisema mwishowe, “nimeponea chupuchupu kupotezewa kishikizo na mtu mwenye matango machoni?”

“Samahani, Asbjørn,” Eirik alijibu. “Sitakula tango tena maishani.”

Asbjørn alitabasamu kidogo. “Lete hizo karatasi nisome.” Alisoma kila ukurasa bila haraka, midomo ikicheza, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akatia saini.

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni Torhild alibonyeza kitufe cha kutuma. Walingoja wamesongamana mbele ya kioo cha kompyuta. Risiti ilipotokea, wote watano waliitazama tarehe kwanza. Ilikuwa ya siku hiyohiyo.

Walikula vafeli zilizopoa na jemu ya stroberi, matunda madogo mekundu, na Sunniva aliziona tamu kuliko vitamutamu vyote vya Mathea. Torhild akagonga kikombe.

“Zamu ya kosa langu,” alisema. “Nilimpa mtoto karatasi ya kurasa nne, nikadhani nimemfundisha. Kumbe nilimsomea tu. Kuanzia sasa, kila mwanagenzi atakayeingia hapa, mkubwa kwa mdogo, siku ya kwanza atapiga picha ya chumba hiki, kisha atuambie ni siri ngapi zimo ndani ya picha yake. Parisa, nakuomba ulianzishe somo hilo kiangazi hiki.”

“Kiangazi hiki?” Parisa aliuliza. “Mimi?”

“Nani mwingine? Ulisema ‘ubao ulikuwa wangu’ kabla mtu hajakuuliza. Mtu wa namna hiyo namtaka karibu.” Kisha akamgeukia Sunniva. “Na wewe, sikiliza. Kila mtu humu amewahi kukosea, ndiyo maana tuna upawa. Lakini kosa lililosemwa mapema hutuachia nafasi ya kulitengeneza. Ungesubiri mpaka Jumatatu, hata tungekusamehe sote, kishikizo kisingerudi. Umetuokolea siku ya leo kwa kusema ukweli.”

Nyumbani mama alikuwa ameweka supu mezani. Alisikiliza kisa chote kijiko kikiwa hewani. “Na asante je? Uliisema kwa sauti?”

“Niliisema, mama. Kwa sauti. Lakini wao walinitangulia.”

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, Asbjørn aliwaita wote gatini. Mkewe alikuwepo, amekunja mikono kifuani, machozi yakimlengalenga. Hataza ilikuwa imetoka, na kiwanda kilikuwa kimeleta majaketi mawili ya kwanza. Asbjørn alivaa la kwake, akasukuma kishikizo kwa kiganja. *Tak!* Akaingia ndani ya mashua bila kushikwa na mtu.

Kisha akamtupia Sunniva jaketi la pili. “Weka mkono mmoja mgongoni, tuone kama unaweza.”

Sunniva alijaribu mara ya kwanza, kikakataa. Mara ya pili kikalia *tak!*

“Asante!” alisema, kwa sauti iliyowafanya shakwe waruke kutoka kwenye paa la banda la gati. Asbjørn akacheka, akasogea upande mmoja wa mashua ili ampe nafasi ya kukaa.