Nywele za Milcah

Jua lilikuwa linatua nyuma ya mikaratusi ya Spring Valley, na Nakhumicha alikuwa anarudi kutoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, amekasirika. Alikuwa amekasirika tangu asubuhi. Siku kumi na moja sasa Milcah, binti wa mumewe, hakuwa amepata usingizi. Hali chakula, haogi, anajing'oa nywele na kusema mamake marehemu anamwita kule kijitoni. Juzi walimkuta amesimama ndani ya maji hadi kifuani. Na kila aliyesikia habari hiyo alimtazama Nakhumicha, wala si mtoto.

"Mchawi mpe mwanao akulelee," Ajwang, yaya wa nyumba ya jirani, alimwambia mwenzake pale dukani, kwa sauti ya kusikika.

Miaka miwili Nakhumicha alikuwa amemfulia huyo msichana, amemsuka, amekesha naye alipougua malaria. Hayo hakuna aliyeyaona. Mama wa kambo akitenda wema anajifanya, akinyamaza ana njama. Potelea mbali. Kifuani alikuwa na barua ya daktari wa zahanati: kesho saa mbili Milcah apelekwe hospitali kubwa, aonwe na daktari wa magonjwa ya akili. Kazi ya Nakhumicha ilikuwa moja tu, mtoto aione kesho akiwa hai.

Kwenye ua wa kayaba, karibu na lango la tajiri wao, mwanamke alikuwa amesimama.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya kabisa. Alivaa gauni la kanisani, na hakuwa na viatu. Alinuka udongo mbichi... udongo wa chini, ule unaotoka shimoni.

"Mulembe," Nakhumicha alimsalimu, kwa maana adabu ni adabu.

Mwanamke alisogea, akanong'ona.

"Mtoto wangu bado ana nywele."

"Mtoto gani, mama?"

"Wote walinyolewa. Wangu bado ana nywele... Hawezi kuniacha. Na mimi siwezi kumwacha."

Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata upepo, alikuwa amejilaza kando ya lango akilia kwa ndani. Nakhumicha aligeuka kumtazama. Alipoyarudisha macho palikuwa na kayaba tu na miiba yake.

Alikimbia.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya jumba kubwa alikopika mumewe, Were. Milcah alikuwa amefungwa kitandani kwa kamba ya kuanikia nguo. Zadock, mwombezi aliyeletwa kutoka Kawangware, alikuwa amemsimamia na fimbo mkononi. Were ameketi pembeni, anatazama viatu vyake.

"Toka," Nakhumicha alisema.

"Pepo iko hapa, mama," Zadock alijibu. "Na pepo haiingii kwa nyumba bila mtu kuifungulia."

"Nimesema toka. Ukimgusa tena na hiyo fimbo, hii mafuta ya taa nitakumwagia wewe. Na kiberiti iko."

Zadock alimtazama usoni, akachukua kofia yake na kwenda zake bila hata sala ya kufunga.

Nakhumicha aliikata kamba kwa kisu cha jikoni. Mikono ya mtoto ilikuwa imechubuka hadi nyama.

"Mama yuko nje," Milcah alisema, ametulia kabisa. "Amesema leo nisichelewe."

Nakhumicha alimgeukia mumewe.

"Baba Milcah. Mama ya huyu mtoto alipokufa, huyu alinyolewa?"

Kwao Kimilili, siku ya tatu baada ya maziko, wafiwa wote hunyolewa, mzee kwa mtoto mchanga, ndipo marehemu aachane na walio hai. Jambo hilo halifundishwi, mtu hukua nalo.

"Alikuwa na mtihani ya darasa la saba," Were alisema hatimaye. "Phoebe alikufa imebaki wiki mbili. Nilimwambia naenda nyumbani kurekebisha paa. Nikazika, nikarudi."

"Ukamwambia lini?"

"Matokeo ilipotoka. Januari."

"Ulizika mamake ukamwambia ni paa. Halafu unakaa hapo watu wakisema ni mimi."

Hakupaza sauti, na Were angeona afadhali angepaza.

Nje, kokoto zilisikika. Nyayo tupu... polepole... zinazunguka nyumba. Harufu ya udongo iliingia chini ya mlango.

"Lete wembe."

"Shangazi yake ndiye ananyoa, na yuko Kimilili. Wewe huwezi. Mke wa pili akinyoa mtoto ya marehemu, hiyo kifo anajitwika yeye. Unajua."

"Najua. Lete wembe."

Usidhani ulikuwa upendo mtupu. Upendo ulikuwepo, lakini ulioshika wembe ni mkono wa hasira: hasira kwa Were, kwa Ajwang, kwa Zadock, na zaidi kwa huyo mwanamke wa nje, aliyempenda mwanawe hadi akataka kumuua.

Alimpaka sabuni, akanyoa. Mwanzoni Milcah alicheka. Wembe ulipofika kisogoni alinyamaza.

"Mama alikufa," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Alikufa, na mimi nilikuwa nafanya hesabu."

Ndipo alipolia. Kilikuwa kilio cha matanga, kimechelewa miaka mitatu, na watumishi wa nyumba za jirani walitoka nje kusikiliza.

Nyayo zilisimama.

Kisha zikaondoka.

Milcah alilala hadi asubuhi, na saa mbili walikuwa hospitalini. Daktari alisema ugonjwa huo una jina na una dawa, asubuhi na jioni, kwa mwaka mzima. "Na si kosa lako, mama," aliongeza. Nakhumicha alitazama ukutani asije akalia mbele ya mgeni.

Ni miezi miwili sasa. Milcah anakula. Siku nyingine hugeukia ukuta asiseme neno, na Nakhumicha hukaa naye tu. Kama ni wembe au ni dawa, kila mtu ana lake.

Lakini kila jioni, taa ikiwashwa, kokoto husikika. Nyayo huja hadi dirishani. Were hasikii kitu, wala Milcah. Siku hizi mwanamke yule hamwiti mwanawe.

"Nakhumicha..."

Yeye huweka kidonge kwenye kiganja cha mtoto, husubiri hadi kimezwe, ndipo huenda dirishani na kusema kwa meno yaliyoumana:

"Ngoja. Mtoto hajamaliza dawa."