Kurasa Zilizokosekana Kwenye Kitabu cha Kuku

Kila Jumamosi asubuhi Lea na mama yake walipakia matenga ya nyanya kwenye basi pale Ilula na kuyapeleka soko la Iringa. Siku nyingine waliuza nyanya kando ya barabara kuu, kwa abiria waliochungulia madirishani. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya mjini, na Lea aliisubiri kwa hamu. Mama akishapanga nyanya zake, humruhusu aende kwa Bwana Kalinga.

Bwana Kalinga aliuza vitabu nje ya lango la soko. Hakuwa na duka, bali meza mbili na turubai la kukinga jua. Vitabu vipya vilikuwa vichache, vimefunikwa nailoni visishike vumbi. Vilivyobaki vilikuwa vikuukuu, vingine vimeandikwa majina ya watu watatu au wanne waliovimiliki. Hata hivyo wateja walimjia kutoka Kilolo na mbali zaidi, kwa sababu kitabu asichokuwa nacho alikitafuta mpaka kikapatikana. Mtu akisema, "Nataka kitabu cha useremala," yeye humpa ujumbe Saulo, kondakta wa basi la Mbeya. Saulo huulizia njia nzima, kwa walimu, kwa mapadri, kwa makarani, na baada ya juma moja au mawili kitabu hushushwa Iringa kimefungwa kwenye gazeti. Lea alimstaajabia sana mzee huyu. Aliona kama mikono yake inafika kwenye kila kabati la vitabu toka Iringa hadi Mbeya.

Jumamosi moja Lea aliona mezani kitabu cha ramani za dunia. Alikuwa darasa la sita, na shuleni kwao kitabu kama hicho kilikuwa kimoja tu, kikikaa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Kamwene, Lea," Bwana Kalinga alimsalimu kwa Kihehe. "Naona umekipenda."

"Nimekipenda, mzee, ila sina hela."

"Una kitabu nyumbani tubadilishane? Kuna mama mmoja wa Usangu, anaitwa Kashindye, anatafuta cha ufugaji wa kuku. Saulo ameulizia kote hajakipata."

Lea alifurahi. Kitabu cha kuku alikuwa nacho, alichoachiwa na mjomba wake. Juma lililofuata alikileta. Lakini kilikuwa na kasoro. Mwaka uliopita alikuwa akiuza karanga shuleni, na siku alipoishiwa karatasi za kufungia, alichana kurasa za katikati. Kwa nje hakuna aliyeweza kujua.

"Kurasa zote zipo?" Bwana Kalinga aliuliza.

Lea alitazama kitabu cha ramani. "Zipo, mzee."

Bwana Kalinga hakukifunua. Alikifunga kwenye gazeti na kuandika juu yake jina la Kashindye na maneno "kitabu kizima". Lea akaondoka na ramani zake, lakini hakuzifurahia kama alivyotarajia.

Haukupita muda mrefu, kitabu cha kuku kikarudi. Lea alimkuta Saulo amesimama mbele ya meza, kitabu kikiwa mkononi.

"Mama Kashindye amesikitika sana," Saulo alikuwa akisema. "Kuku wake wanakufa kwa ugonjwa wa mdondo. Alikinunua kwa ajili ya kurasa za magonjwa, na ndizo hazimo. Anasema alikuamini kwa sababu ulisema ni kizima."

Bwana Kalinga alikifunua, akapitisha kidole mahali palipochanika. Kisha akatoa pesa mfukoni na kumpa Saulo amrudishie yule mama. "Mwambie anisamehe. Neno lilikuwa langu, na kosa ni langu."

Lea alikuwa amejiandaa kugombezwa. Kuona mzee anabeba lawama isiyokuwa yake kulimchoma zaidi.

"Si kosa lako, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Nilizichana mimi. Uliponiuliza nilikudanganya." Akatoa kitabu cha ramani kwenye kikapu, akakiweka mezani.

"Umefanya vema kusema," Bwana Kalinga alisema. "Lakini kuku wa Kashindye bado wanakufa. Utafanyaje?"

Jumatatu Lea alikwenda na kitabu kile kilichochanika kwa Mwalimu Sedekia, aliyefundisha kilimo, akamweleza yote bila kuficha. Mwalimu alikuwa na nakala nzima ya kitabu hicho. Hakumwazima, ila alimruhusu kukaa ofisini kila siku baada ya masomo anakili. Kazi ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Kulikuwa na majedwali, na picha za kuku wagonjwa ambazo ilibidi azichore. Alipokosea alianza ukurasa upya. Alinakili jinsi ya kutenga kuku wagonjwa, kuwafukia waliokufa, na kumwita bwana mifugo awachanje wazima mapema. Wenzake walimwita wakacheze rede, naye akatikisa kichwa. Alipomaliza, mama yake alimsaidia kuzishona kurasa hizo mahali pake kwa uzi mweupe.

Bwana Kalinga alisoma kila ukurasa. Kisha akaandika juu ya furushi: "Kurasa za katikati zimenakiliwa kwa mkono na mwanafunzi Lea wa Ilula. Maneno yote yamo."

"Mama Kashindye hajakiona," alimwambia Saulo. "Mwambie yeye ndiye ataamua kama anakitaka hivyo kilivyo."

Kashindye alikitaka. Baada ya mwezi hivi, Saulo alishusha mfuko wa mchele wa Usangu. "Kuku wengi walishakufa," alisema, "lakini baadhi ya aliowatenga wamepona, na wale wazima bwana mifugo amewachanja. Mchele huu ni wa binti aliyeandika. Mama Kashindye anasema mwandiko wake unasomeka vizuri kuliko ule wa kiwandani."

Lea aliinamisha uso kwa haya, lakini alikuwa anatabasamu. Bwana Kalinga alimkalisha kwenye boksi la vitabu.

"Sikiliza, mwanangu. Anayenunua akiwa hapa hufunua mwenyewe na kuona. Aliye mbali hana njia hiyo. Anachonunua kwanza ni maneno yetu, kitabu kinafuata baadaye. Ukiuza kitabu kilichochanika na ukasema kimechanika, hujamdhulumu mtu. Ukisema uongo kidogo tu, unaweza kumuumiza mtu usiyemjua, hata sura yake hujaiona. Umekosa, lakini umesema kweli na umetengeneza ulichoharibu kwa jasho lako. Mtu wa namna hiyo mimi naweza kufanya naye biashara."

Akamrudishia kitabu cha ramani, kisha akainuka kwenda kumhudumia mteja aliyekuwa anasubiri. Lea akabeba mfuko wa mchele, akaenda kumwonyesha mama yake.